Kikokotoo Kilichosoma Mwandiko Wake Mwenyewe

Mzee alikileta kwenye mfuko wa kitambaa: kikokotoo aina ya HP-67, chaja yake, na kadi 14 za sumaku zilizoviringishiwa karatasi. Kila kadi ni fupi kuliko kidole cha kati, upana wake kama sentimita moja, na juu yake kuna maandishi ya kalamu, herufi ndogo zilizonyooka za mtu aliyezoea kuandika kwenye ramani. Ni mpima ardhi mstaafu. Programu zilizomo alizitunga mwenyewe enzi za kazi: ya kufunga mzunguko wa vipimo, ya kugawanya kosa la pembe, ya kutafuta eneo la kiwanja chenye pande nyingi. Daftari alilokuwa ameziandika lilipotea. Zilizobaki ni kadi tu.

"Kinawaka, fundi," akaniambia. "Kinajumlisha, kinatafuta kipeo, sine na kosine zote zipo. Ila kadi hakimezi tena. Na mimi sikukileta kwa ajili ya kujumlisha."

"Nimekuelewa, mzee."

Kumbe sikuwa nimemwelewa. Nilisikia kwamba kisoma kadi kimeharibika, nami nikakitengeneza kisoma kadi. Yeye alikuwa anasema kwamba anataka kilichomo kwenye kadi 14. Hizo ni kazi mbili, na tofauti yake ilinigharimu wiki tatu na aibu moja.

Kwa asiyekifahamu chombo hiki: HP-65 ilitoka mwaka 1974, ikiuzwa dola 795, na ndiyo ilikuwa ya kwanza kukaa mfukoni huku ikiweza kuandika na kusoma programu kwenye kadi ya sumaku. Ilibeba hatua 100 za programu. Mwaka uliofuata wanaanga wa Marekani walikwenda nayo kwenye safari ya Apollo na Soyuz. HP-67 ikafuata mwaka 1976, ikiwa na hatua 224 na rejesta (vihifadhi vya namba) 26, pamoja na ndugu yake wa mezani, HP-97, mwenye kichapishi. Kadi iliyoandikwa na mmoja husomwa na mwingine. Jambo hilo litatufaa baadaye. Ukikizima, kila ulichokiingiza kinafutika. Ndiyo maana kwa mtu kama mzee kadi haikuwa nakala ya akiba. Kadi ndiyo programu yenyewe, na kikokotoo ni mahali inapopita kufanya kazi.

Dalili ya kwanza niliiona mbele yake. Nilichomeka kadi tupu upande wa kulia, mota ikalia kama nyuki ndani ya chupa, na kadi ikabaki palepale. Hiyo peke yake inasema mengi. Betri ina nguvu ya kuzungusha mota. Swichi inayotambua kwamba kadi imeingia inafanya kazi. Mota haijaungua. Kilichokatika kiko kati ya mota na kadi, na kwenye vikokotoo vya familia hii mtu hahitaji kubahatisha: ni rola ya mpira inayoishika kadi na kuivuta. Mpira huo, baada ya miaka karibu hamsini, unakuwa ulimbo. Nasema ulimbo ule wa kunasia ndege hasa: rangi ya kahawia nyeusi, unavutika kwa nyuzi, unashika kila ulichogusa na hauachi. Simlaumu aliyeuchagua. Sijui mpira wa mwaka 1976 ambao ungekuwa mzima leo.

Mzee alikiri kwamba kabla ya kuja kwangu aliisukuma kadi moja kwa kidole ipite kwa nguvu. Ilitokea upande wa pili ikiwa na mstari wa kahawia katikati. Nikaiweka kando kwenye bahasha yake, na nikamwomba asiifute kwa kitu chochote. Spiriti inayoondoa ulimbo kwenye chuma inaweza vilevile kulainisha rangi ya sumaku iliyopakwa kwenye kadi, na rangi hiyo ndiyo programu.

Kabla ya kufungua nilishughulika na betri. Pakiti yake ni seli tatu za nikeli na kadimi, jumla volti 3.75, na ile ya mzee ilikuwa imevuja kidogo, miguso imeota ukungu wa kijani. Nikaisugua kwa tone la siki, kisha kwa maji kidogo, kisha nikakausha, nikaweka seli mpya. Hapa pana onyo ambalo kitabu cha mwongozo chenyewe kinalitoa: usikiwashe kikokotoo hiki kwa chaja huku betri imetolewa. Betri ndiyo inayoizuia volti ya chaja isipande. Ikiondolewa, volti hiyo inaweza kufika kwenye chipu, na hizo chipu hazitengenezwi tena popote.

Kukifungua si kazi ngumu, ila skrubu nyingine hujificha chini ya lebo ya nyuma na vikanyagio vya mpira. Lebo niliipasha joto kidogo kwa kikaushia nywele, ikabanduka bila kukunjika. Kisoma kadi ni kidude kidogo kinacholala juu ya saketi kuu, na kinatoka kizima.

Nilikifungulia ndani ya sinia lenye kingo, na napendekeza hivyo kwa kila mtu. Kwenye njia ya kadi kuna vigololi vya plastiki, vidogo kama punje ya uwele. Kadi ikipita inavikandamiza, navyo vinakandamiza vibati vya shaba vilivyo upande wa pili. Hizo ndizo swichi zote. Kimoja kinaiamsha mota. Kingine kinapapasa pembe ya kadi kujua kama imekatwa, maana kadi iliyokatwa pembe imefungwa isiandikwe juu yake. Ukikifungua kidude hiki bila sinia, gololi moja itadondoka, itaruka mara mbili, na itaingia mahali ambapo hutapaona mpaka siku ya kuhama. Yangu ilidondoka. Niliikuta kwenye ukingo wa sinia, imejinasa yenyewe kwenye ulimbo.

Rola ilikuwa imekwisha. Kilichokuwa mpira kimeyeyuka, kimemwagika chini, kimepaka njia ya kadi, gololi mbili, na sehemu ya kichwa cha kusomea. Nilitumia nusu siku na vijiti vya pamba na pombe ya kusafishia saketi. Kichwa nilikisafisha kwa mkono mwepesi mpaka uso wake ukang'aa. Mzee alikuwa na ile kadi maalumu ya kusafishia kichwa, sikuitumia. Inasugua kama msasa laini, na kichwa kikishalika hakuna cha kukirudishia. Gia niliziangalia kwa lenzi kama zina ufa, hazikuwa nao. Tone moja la mafuta mepesi kwenye ekseli, basi.

Rola mpya niliitengeneza kwa kipande cha mpira wa silikoni, ule wa mirija myembamba. Nilikata kipande, nikakivuta juu ya kitovu cha chuma, kikakaa. Nikakata kilichozidi kwa wembe. Nitarudi kwenye huo wembe.

Nikakifunga. Nikachomeka kadi tupu, mota ikalia, kadi ikaingia upande mmoja na kutokea upande mwingine kwa kufumba na kufumbua. Nikaandika programu fupi ya hatua kumi, nikaisukuma kwenye kadi huku swichi ikiwa upande wa W/PRGM, yaani wa kuandika programu, nikakizima, nikakiwasha, nikaisoma. Programu ikarudi yote. Nikarudia mara kumi, mara kumi ikarudi. Nikajaza hatua zote 224, pande zote mbili za kadi. Baada ya upande wa kwanza kikaandika Crd kuomba wa pili, kikapewa, kikaridhika. Nikampigia simu mzee nikamwambia kimepona.

Alikuja asubuhi yake, hata chai hakunywa. Akachagua kadi anayoipenda, ile ya kufunga mzunguko wa vipimo, akaichomeka kwa mkono uliokuwa na uhakika. Kadi ikapita vizuri. Kioo kikaandika: Error.

Tukajaribu ya pili. Error. Ya tatu, Error. Ya nne ilisoma, tukafurahi, tukairudia kwa ushahidi, ikakataa. Kati ya kadi 13 tulizojaribu siku ile, hiyo moja ndiyo iliyosoma, tena mara moja tu.

"Sasa, kijana wangu," mzee akauliza bila hasira, "uliponiambia kimepona, kilikuwa kimesoma nini?"

"Kadi niliyokiandikisha mwenyewe, mzee."

"Yaani kimejisoma."

Nilinyamaza. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimemweka nyani awe mkaguzi. Chombo kinachoandika na kusoma kwa kichwa kilekile, rola ileile na njia ileile, kina uwezo wa kubeba kosa mara mbili na kosa hilo likajifuta. Ni kama mtu mwenye mwandiko mbaya: barua zake mwenyewe anazisoma bila kusita. Mpe barua ya mwingine, au mpe mtu mwingine barua yake, ndipo utajua.

Jambo la kwanza nililofanya baada ya hapo ni kuacha kuzichezea kadi za mzee. Nyingi hazikuwa zimekatwa pembe, na kosa moja la swichi, kuisahau upande wa W/PRGM, lingeandika utupu juu ya kazi ya miaka. Nilibandika kipande cha gundi ya karatasi juu ya swichi hiyo, ikabaki upande wa RUN, ule wa kuendesha programu.

Kisha nikaketi na maelezo matatu yanayowezekana.

La kwanza, kadi zimezeeka na sumaku yake imefifia. Hilo ndilo jibu rahisi kwa fundi, kwa sababu linamwondolea lawama, na nakiri lilinivutia. La pili, mwendo wa kadi si sahihi: rola yangu nene mno au nyembamba mno. La tatu, kadi inapita benibeni.

Ili kuyapima yote matatu ni lazima kujua kadi imeandikwaje. Kadi ina uso mmoja tu wenye sumaku. Kinachoitwa upande wa kwanza na wa pili ni nusu mbili za upana wake. Unaigeuza kadi mwanzo uwe mwisho, na nusu ya pili inapita chini ya kichwa. Kila nusu ina nyayo mbili, yaani njia mbili za maandishi ya sumaku, zinazokwenda sambamba. Usumaku ukigeuka kwenye wayo mmoja, hiyo ni 1. Ukigeuka kwenye wayo wa pili, hiyo ni 0. Uzuri wa mpango huu ni kwamba hauhitaji saa. Kikokotoo hakijali kadi inakuja haraka au polepole. Kinasikiliza tu mgeuko unatoka wayo upi, kisha unaofuata unatoka wayo upi, na kwa mfuatano huo kinajenga neno. Mota ndogo ya betri haiwezi kutunza mwendo mmoja kwa uhakika, kwa hiyo waliobuni waliamua isilazimike.

Hilo linalipunguza nguvu elezo la pili, angalau kwa upande wa kusoma. Kuandika ni habari nyingine. Wakati wa kuandika, kikokotoo kinapiga biti, zile 1 na 0, kwa mapigo yake mwenyewe. Kadi ikikimbia mno, biti zinatawanyika na za mwisho zinaweza kukosa kadi ya kuandikiwa. Ikienda polepole mno, zinabanana. Vilevile umeme unaozaliwa kichwani unategemea jinsi usumaku unavyobadilika haraka, kwa hiyo kadi inayojikokota inatoa ishara dhaifu. Ndiyo maana betri ikichoka, kisoma kadi ndicho cha kwanza kulalamika huku kujumlisha kukiendelea kama kawaida.

Elezo la tatu, lakini, linagonga mahali palepale ambapo mpango huu ni mwepesi kuumia. Kila kitu kinategemea nani katangulia kati ya nyayo mbili. Upande mmoja wa kadi unabeba hatua 112, kila hatua biti 8, yaani biti 896, ukiongeza na zile za utambulisho na za ukaguzi. Zote zimebanwa kwenye kadi yenye urefu wa kama sentimita 7. Piga hesabu: kutoka biti moja hadi nyingine ni chini ya sehemu 8 za mia za milimita. Sasa tuseme nyayo mbili zimeachana kwa milimita 2. Kadi ikiinama kwa nyuzi 2 tu, wayo mmoja unatangulia mwenzake kwa karibu sehemu 7 za mia za milimita. Yaani karibu biti nzima. 1 iliyopaswa kuja baada ya 0 inafika nayo sawia, au inaitangulia. Hesabu ya ukaguzi inakataa, na kioo kinaandika Error.

Na kadi iliyoandikwa huku imeinama nyuzi 2, ikasomwa huku imeinama nyuzi 2 zilezile? Inasomeka safi. Hicho ndicho nilichokuwa nimekishangilia mara kumi.

Nadharia ni nzuri, lakini elezo la kwanza lilikuwa bado hai. Nikaazima osiloskopu, kifaa kinachoonyesha ishara za umeme kama mawimbi kwenye kioo. Nilipima ishara baada ya chipu inayoikuza, nikipitisha kadi ya mzee na kadi yangu kwa zamu. Ishara za kadi ya mzee zilikuwa fupi kidogo kuliko zangu, lakini zimesimama, zinahesabika. Kadi hazikuwa zimekufa. Nikiri kwamba nilipumua, kwa sababu kuanzia hapo kosa lilikuwa langu au la chombo, na vyote viwili vinatengenezeka. Sumaku iliyofifia haitengenezeki.

Kipimo cha kuamua hakikuhitaji kifaa cha kuazima. Nilimwomba mzee kadi moja ambayo haimpi shida ikipotea. Akanipa programu aliyowahi kuiandika upya baadaye: "Hii ilikuwa na kosa, nenda nayo." Niliinyunyizia unga wa chuma laini kama vumbi, nikaigonga kwa ukucha, unga uliozidi ukaanguka. Uliobaki ulijipanga juu ya nyayo. Nikafanya vivyo hivyo kwa kadi yangu, nikaziweka pamoja chini ya lenzi.

Kadi ya mzee iliandikwa na kikokotoo hikihiki kikiwa kijana. Nyayo zake zilikwenda sambamba na ukingo kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mistari ya daftari. Zangu zilikwenda mshazari. Zilianzia karibu na ukingo na kuishia mbali nao, na kwa jicho tu ungeona. Tena maandishi yangu yalikuwa marefu kuliko yake kwa kama milimita 4. Kwa hiyo kadi ilikuwa inapita benibeni, na ilikuwa inapita haraka mno. Ushahidi wa makosa mawili kwenye kipande kimoja cha plastiki, na wa pili sikuwa nimeutafuta.

Urefu ulielezeka upesi: mpira wangu ulikuwa mnene kuliko wa asili. Sina kipimo cha asili, na sikukihitaji. Kama maandishi yangu yana urefu wa milimita 66 na ya mzee 62, basi rola yangu ni nene kwa karibu asilimia 6, kwa kuwa mwendo wa kadi unafuata kipenyo cha rola moja kwa moja. Kadi ya zamani ikageuka kuwa rula.

Mshazari ulinichukua muda zaidi. Nilikifungua tena, nikaitoa rola, nikaipima kwa kalipa, kipimo cha unene, ncha hadi ncha. Upande mmoja ulikuwa mnene kuliko mwingine. Hapa ndipo wembe unaporudi. Nilipouvuta mpira juu ya kitovu niliushika upande mmoja tu, ukanyooka upande huo na kukonda, na ule mwingine ukajikunyata. Kisha nikaukata kwa mkono, kwa macho, mshazari kidogo. Badala ya rola nilikuwa nimetengeneza pia, ile ya watoto kuchezea. Sehemu nene inaisukuma kadi haraka kuliko sehemu nyembamba, na kadi inageukia upande ule mwembamba. Mtu yeyote aliyewahi kusukuma mkokoteni wenye gurudumu moja dogo anaijua tabia hiyo.

Nikatengeneza rola ya pili. Safari hii mpira mwembamba kidogo, niliulowesha kwa spiriti uteleze, nikausukuma kwa pande zote kwa usawa, nikauacha ukauke usiku kucha. Kesho yake nikaufunga kwenye mashine ndogo ya kutobolea, nikauzungusha polepole juu ya msasa mpaka kalipa ikasoma sawa ncha zote. Mara nne niliupima, mara nne nikaupunguza.

Maandishi yalirudi kwenye milimita 62. Kadi za mzee zikaanza kusoma, lakini si zote na si kila mara. Katika majaribio matatu, moja lilipita. Nyayo zangu chini ya lenzi bado zilikuwa na mshazari, mdogo kuliko kwanza.

Hapo ningeweza kukubali. Moja kati ya tatu inatosha kuokoa programu. Unarudia mpaka isome. Ila kila mapito ni msuguano juu ya kadi iliyozeeka, na kisoma kadi kinachofanya kazi kwa bahati siku moja kitaacha.

Nikarekodi video. Niliiweka simu juu ya kisoma kadi kilicho wazi, mwendo wa polepole, nikapitisha kadi tupu. Kwenye video kadi inaingia imenyooka, inafika karibu na kichwa, na hapo ukingo wake unapiga kitu na kupanda. Kama mtu anayejikwaa kwenye kizingiti. Nikachungulia kwa tochi. Kwenye kona ambako ukingo wa njia unakutana na sakafu, mahali ambapo kijiti cha pamba hakifiki, kulikuwa na donge la ulimbo wa zamani. Lilikuwa limekauka na kuwa gumu, rangi yake ikifanana kabisa na plastiki iliyolizunguka. Unene wake nusu milimita hivi. Kutoka pale hadi kwenye rola ni kama milimita 15. Nusu kwa 15: nyuzi 2 kasoro kidogo. Hesabu yangu ya mwanzo ilikuwa imekaa pale kwenye kona ikinisubiri.

Vitu hivi viwili vilikuwa vinasaidiana. Rola yenye umbo la pia iliisukuma kadi kwenye ukingo ule, na donge likaiinamisha. Nilipoirekebisha rola, kadi ikaacha kuegemea kwa nguvu, na siku nyingine ikapita bila kuligusa donge. Ndiyo maana ya moja kati ya tatu. Kama ningeanza na donge na kuiacha rola, nadhani ningepata matokeo yaleyale ya nusunusu na ningepotea njia nyingine.

Kijiti cha kuchokolea meno kilichochongwa bapa, tone la pombe, dakika ishirini. Donge likatoka zima, kama gamba la kidonda.

Nyayo zangu sasa zilinyooka na ukingo. Nikamwita mzee bila kumwambia kwamba kimepona. Nilimwambia tu kwamba niko tayari kujaribu tena.

Tulipanga kazi hivi. Kadi inapita mara moja. Ikisoma, hatuzimi. Tunahamisha swichi kwenda W/PRGM kwa uangalifu, kadi zote zikiwa mbali mezani, kisha ninapita hatua moja moja kwa kitufe cha SST nikisoma kioo kwa sauti naye anaandika. Kioo hakiandiki maneno, kinaandika mahali pa vitufe: mstari na nafasi. 31 25 11 ni lebo A. 35 22 ni kurudi. Baada ya kadi ya pili mzee aliacha kuandika namba. Akawa ananisikiliza na kuandika moja kwa moja alichokusudia wakati ule. "Hapo nageuza nyuzi kuwa desimali. Ndiyo. Hapo nahifadhi jumla. Endelea." Kwenye kadi ya tano alinisimamisha. Alikuwa amesikia kosa lake mwenyewe, hatua iliyozidi, ambayo haikuharibu jibu ila ilipoteza nafasi. Alicheka peke yake kwa muda mrefu.

Jambo la kuzingatia kwa atakayefanya hivi: taa nyekundu za kioo zinakula betri, na betri ikilala katikati ya kunakili, programu imepotea na kadi lazima ipite tena. Tulikuwa na pakiti mbili tukizibadilisha kati ya kadi na kadi.

Lilibaki swali la mkaguzi. Kikokotoo sasa kinasoma maandishi ya ujana wake, lakini je, kinachoandika leo kitasomwa na mwingine? Niliandika nakala za programu mbili kwenye kadi mpya, nikazituma kwa mkusanyaji mmoja mwenye HP-97 iliyo hai. Mzee hakukubali kadi za asili zisafiri, na sikumbishia. Bahasha ilirudi na ukanda wa karatasi: HP-97 ilizisoma zote mbili kwa mara ya kwanza na kuchapisha orodha nzima ya hatua. Tulizilinganisha na daftari. Zilifanana, isipokuwa mahali pawili ambapo mimi nilisoma kioo vibaya. Karatasi ile ni ya joto, hufifia, kwa hiyo mzee aliinakili nayo kwa mkono.

Kadi moja tuliitoa kwa ajili ya unga wa chuma, nayo haikuhesabika. Kati ya 13 zilizobaki, 11 zimesoma. Moja ina mkunjo katikati, na haipiti chini ya kichwa bila kuruka. Nyingine ni ile yenye mstari wa kahawia, iliyosukumwa kwa kidole. Ulimbo umekaa juu ya nyayo zote mbili za upande wa kwanza, na sijapata njia ya kuuondoa nikiwa na hakika kwamba rangi itabaki. Iko kwenye bahasha. Juu yake bado yanasomeka maandishi ya mzee, vichwa vitano vidogo vinavyokaa juu ya vitufe A mpaka E kadi inapowekwa kwenye dirisha lake, na kwa kuvitazama hivyo vitano ameanza kuitunga upya, kwa penseli, nyuma ya orodha iliyotoka kwenye HP-97.